Sam's Journey: Safari Iliyoandikiwa Commodore 64
Kompyuta ya nyumbani ya Commodore 64 ilitoka mwaka 1982 ikiwa na kumbukumbu ya kilobaiti 64 na rangi 16 tu, na hadi leo wapo wapenzi wanaoiandikia programu mpya na kupeana wao kwa wao. Kati ya kazi zao zote nilizozicheza, ninaupenda zaidi Sam's Journey, mchezo uliotolewa mwaka 2017 na kikundi cha Knights of Bytes cha Ujerumani. Mandhari yake husogea kwa ulaini pande zote, jambo gumu mno kwa mashine hii, kwa sababu kumbukumbu ya rangi haina nakala ya pili ya kuandalia mchoro unaofuata, na kichakataji chenye kasi ya takriban megahezi 1 hulazimika kuzihamisha rangi za skrini kabla mchoro unaofuata haujaanza kuonekana. Sam, mhusika unayemwongoza, akivaa mavazi ya ninja hupanda kuta, na akivaa ya haramia hupigana kwa upanga, hivyo kila vazi hukulazimu kuitazama njia upya. Muziki nao unapendeza. Kwa fimbo ya kuchezea (joystick) yenye kitufe kimoja, hata hivyo, kuruka kwa kuisukuma juu kulinichosha mkono.