Nililipa laki mbili na nusu wanifutie neno NIOSHE

Naanza na hukumu ili mwenye haraka zake asisumbuke kusoma mpaka chini: kwa wale jamaa wa kuosha na kupiga polishi magari, nyota moja. Na hiyo moja ni ya kijana aliyesafisha ndani ya gari. Mazulia aliyatoa yote akayaanika, na noti ya elfu tano iliyokuwa imepotelea chini ya kiti akanirudishia mkononi bila kuulizwa. Wengine pale, kuanzia bosi wao, sina cha kuwapa.

Gari langu ni Crown, jeusi. Ni ule weusi wa Toyota ambao mafundi rangi wa mjini wanaujua kwa ulaini wake. Mmoja aliniambia rangi hiyo ukiitazama vibaya tu inakwaruzika. Nilionywa kabla sijaagiza. Nikaziba masikio, nikaagiza jeusi, kwa sababu jeusi likiwa safi jioni, limetoka kuoshwa, hakuna gari jingine mtaani. Basi. Kosa hilo nimelikubali, tuendelee.

Ilikuwa kipindi cha likizo ya shule, nikasafiri kwenda nyumbani, gari likabaki nje ya geti siku kadhaa. Mtaa wetu hauna lami. Niliporudi nikakuta mtoto wa jirani ameniandikia kwa kidole kwenye buti, herufi kubwa: NIOSHE. Simtaji, lakini S yake ameigeuza nyuma mbele na kwa pale mtaani anayeandika S namna hiyo ni mmoja tu. Nilicheka. Nani Dar hajawahi kuandika neno hilo kwenye gari la mtu? Nikapiga picha, nikaosha, nikasahau.

Siku ya pili yake saa kumi na moja jioni, jua limelala, natoka na mfuko wa taka, nakuta buti linaniambia NIOSHE. Gari safi kabisa! Nikapitisha kitambaa, neno lipo. Nikaosha tena, neno lipo, na S yake vilevile imegeuka. Ndipo nikaelewa kwamba vumbi letu hili ni mchanga uliosagika, na kidole cha yule mtoto siku ile kilikuwa kipande cha msasa.

Ukishaona kitu kimoja unaona vyote. Usiku ule niliingia kituo cha mafuta, zile taa nyeupe kali zikamulika boneti, nikaona duara juu ya duara, gari zima limefunikwa na utando wa buibui. Sikulala vizuri. Wenye magari meupe mtasema nimekosa shida.

Ndiyo nikaenda pale. Jina la mahali nalihifadhi. Bango lao lina gari jeusi linalong'aa mpaka unaweza kujipaka wanja, na walioniambia habari zao ni watu ninaowaheshimu. Bosi akazunguka gari mara moja, akasema laki mbili na nusu, kesho jioni njoo uchukue, mikwaruzo yote itakuwa imekwisha. Nilimwonyesha NIOSHE kwa mkono wangu. Akasema, "Hiyo ndogo, dada." Nikalipa nusu.

Sasa hapa ndipo nilipotakiwa kuondoka na gari langu, na sikuondoka. Nilikuwa nimesimama nasubiri bodaboda, wakaanza kuliosha. Kijana ana ndoo moja, na ndani ya ndoo ile kuna kipande cha godoro. Kwanza akasugua ringi. Kisha kipande kilekile, kwenye maji yaleyale ambayo sasa yana rangi ya chai ya maziwa, akapanda nacho kwenye mlango. Mwenzake anafuta boneti kwa fulana ya mtumba. Ikamponyoka ikaanguka chini, na chini pale ni kokoto na mchanga mtupu. Akaiokota, akaikung'uta pajani, pa, pa, mara mbili, akaendelea na boneti.

Nimeandika na kufuta mambo mengi kuhusu huduma ile, lakini nikifumba macho naona ile fulana tu. Pa, pa. Kama mtu anakung'uta kitumbua kilichoanguka.

Kesho yake jioni nilikuta gari limewekwa chini ya turubai, kwenye kivuli kizuri, linang'aa mpaka nikajiona mjinga kwa hasira za jana. NIOSHE haipo. Utando haupo. Nikamalizia pesa, nikamwachia na kijana wa ndani ya soda, na siku ile kama ungeniuliza ningewapa nyota tano na kuwaletea ndugu zangu. Nasema ukweli. Niliwasifia hata kazini.

Wiki ya kwanza nilipeta. Nikaosha mara moja, sawa. Nikaosha mara ya pili, nikahisi kitu. Halafu ikanyesha ile mvua ya usiku kucha, asubuhi nikaosha tena, na jioni jua lilipolala nikaenda nyuma ya gari taratibu, kama mtu anayekwenda kumfumania mtu. NIOSHE. Imerudi nzima, pamoja na S yake. Na safari hii ubavuni kuna mawimbi, mistari myepesi inayocheza ukitembea, ambayo haikuwepo kabisa kabla sijatoa laki mbili na nusu.

Nikarudi. Sikwenda kugombana, nilikwenda kuuliza. Bosi hakuamka kwenye kiti. Akaniambia, na vijana wake wote wanasikia: "Dada, gari jeusi ndivyo lilivyo. Mwambie shemeji aje tuongee, haya mambo ya rangi ni ya kitaalamu kidogo."

Mwambie shemeji aje!

Kwa taarifa yake, shemeji wake huyo hana hata leseni. Akiingia kiti cha dereva ni kusikiliza mpira redioni. Gari nimeliagiza mimi, ushuru nimelipa mimi, na kule bandarini nimesota mimi. Niliondoka bila kumjibu kwa sababu ningemjibu ningeharibu swaumu. Kwa hiyo ile nyota moja ya juu naiondoa. Yule kijana wa ndani namwomba radhi, nyota yake nitampa siku nyingine.

Aliyenifumbua macho ni mzee mmoja fundi rangi, mtu wa makamo, ana kigereji chake nyuma ya nyumba na hana bango. Akachukua kitambaa, akakilowesha spiriti, akafuta kipande cha boneti pale ambapo bado palikuwa panapendeza. Utando ukatokea mbele ya macho yangu, kwenye kipande kile tu, kama dirisha. "Mama, hawakusugua," akasema. "Walijaza." Yaani ile polishi yao ina mafuta na nta vinavyoingia ndani ya mikwaruzo na kuifukia. Macho yanaona laini. Sabuni na mvua vikiondoa mafuta, mikwaruzo ipo palepale ilipokuwa, inakusubiri. Na pale walipojaribu kusugua kweli, walitumia mashine inayozunguka kwa kasi kama grenda, mikono haijatulia, ndiyo ikaacha yale mawimbi.

Nikamuuliza kwa nini ni duara wakati kidole cha mtoto hakikuzunguka. Akawasha tochi ya simu, akaisogeza juu ya boneti, na duara likawa linaifuata tochi. Kumbe mikwaruzo yenyewe imekwenda kila upande, ovyo ovyo, ila inayorudisha mwanga machoni ni ile iliyokaa kuizunguka taa, basi jicho linaona duara. Nenda jikoni utazame sufuria iliyosuguliwa kwa stilwaya ukiwa chini ya taa, utaona kitu hichohicho. Gari jeupe nalo linayo yote haya. Ni kwamba weupe unaificha, na weusi hauna siri.

Hakuniahidi yote yatakwisha, na hapo ndipo nilipomwamini. Akanieleza kwamba juu ya rangi kuna klia, lile tabaka angavu linaloikinga, na klia yenyewe kwa kawaida ni mikroni kama 40 au 50 hivi, nyembamba kuliko unywele wangu. Kuondoa mkwaruzo si kuuondoa mkwaruzo, ni kuishusha klia yote inayouzunguka mpaka ilingane na chini ya mkwaruzo. Kila ukipiga polishi ya kweli umekula akiba, na haiongezeki. Akabandika utepe katikati ya boneti, akafanya nusu moja tu, kwa mashine inayozunguka huku inatikisika, akafuta spiriti, akaniita nione juani. Si kivulini chini ya turubai. Juani. Nusu ya kushoto ilikuwa shimo la wino. Kazi nzima ilimchukua siku mbili na alinitoza zaidi ya wale, tena sikuomba punguzo, mimi ninayeomba punguzo mpaka la vocha.

Sasa niseme na la upande wangu, maana mzee aliniuliza swali moja nikakosa pa kuangalia: "Asubuhi vumbi unalifutaje?" Nalifuta kwa kitambaa kikavu, kila siku, kabla ya kwenda kazini, tangu siku gari lilipofika. Kitambaa kinakaa kwenye mfuko wa mlango. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ule utando, kabla ya kipande cha godoro, kabla ya fulana, ni kazi ya mkono wangu mwenyewe, kwa upendo. Hili limenipunguza hasira kwa wale watu, siwezi kukataa. Labda nyota moja na nusu. Labda bosi alikuwa sahihi kidogo aliposema gari jeusi ndivyo lilivyo, isipokuwa alisema hivyo baada ya kupokea pesa, na akamtaka shemeji. Hapana. Sifuri inabaki.

Siku hizi naosha mwenyewe nyumbani Jumamosi, asubuhi jua halijapanda. Maji kwanza, mengi, bila kugusa kitu, mchanga ushuke wenyewe. Kisha ndoo mbili, moja ya shampuu ya gari na moja ya kusuuzia glavu ya mikrofaiba kila baada ya kipande. Utashangaa mchanga unaokuta chini ya ile ndoo ya pili, na ule wote zamani ulikuwa unarudi kwenye rangi. Natoka juu kwenda chini, ringi zina kitambaa chao, na kitu kikianguka chini hakirudi kwenye gari siku hiyo. Sabuni ya unga nimeiachia nguo, maana inaondoa nta. Maji ya kisima chetu ni ya chumvi, yakikaukia juani yanaacha madoadoa meupe, hivyo nakausha haraka kwa taulo, kwa kulilaza na kulivuta, si kwa kusugua. Vumbi la asubuhi naenda nalo kazini hivyohivyo. Wenzangu wanadhani nimeishiwa.

Mwenye gari jeupe anaweza kwenda kwa wale jamaa, ndani wanasafisha vizuri. La, hata jeupe asiende.

Kuhusu lile neno, mzee alilifuta karibu lote. Mwishoni, pembeni kabisa ya buti, mtoto alikuwa amekandamiza kwa ukucha, na pembeni ndipo klia inapokuwa nyembamba zaidi, mzee akagoma kuendelea. "Nikiifuata hii natokea kwenye bati," akasema. Kwa hiyo jua likilala, ukisimama upande wa kulia na ukiinama kidogo, zipo herufi mbili za mwisho. Jana jioni yule mtoto alipita na mpira wake, akasimama, akainama, akasoma kwa sauti: "HE!"