TAHADHARI: Anajiita fundi wa karatasi za gundi ya unga, kumbe anachapa kwa printa

Jamani, nimelizwa. Yule muuza karatasi za kupambia majalada ya vitabu, zile zinazochorwa kwa mkono kwa gundi ya unga yenye rangi, niliyewasifia hapa, msimguse kabisa!

Sikilizeni alivyonipata. Kabla ya kulipa nilimwambia nataka kuona anavyofanya kazi. Hakusita hata kidogo. Akanitumia video: karatasi imelowanishwa, imelazwa juu ya kioo, gundi nzito ya buluu inapakwa kwa brashi pana, halafu kitana cha kadibodi kinapita kwa mawimbi, taratibu, na ule mkwaruzo unausikia. Gundi inasogea pembeni, mistari myeupe inajitokeza. Vidole vyote buluu! Nikamuuliza, je, rangi haitatoka nikibandika? Akajibu palepale: anachanganya na rangi ya akriliki, ikishakauka haitoki tena kwa maji. Akaniletea na habari za akina dada wa Kanisa la Moravian kule Herrnhut, Ujerumani, waliokuwa wakitengeneza karatasi hizi karne ya 18. Sasa niambieni, ni tapeli gani anaijua Herrnhut? Nikatuma hela yote, huku akiniita "dada fundi". Dada fundi! Nikikumbuka napandwa na hasira upya.

Mzigo ukafika, umeviringishwa vizuri, kwa macho hauna kasoro. Nikakata, nikapaka gundi mgongoni mwa karatasi, nikailaza juu ya ubao wa jalada, nikapitisha kitambaa kibichi kuondoa mapovu. Buluu ikahamia kwenye kitambaa. Ikachuruzika pembeni, ikaingia mpaka kurasa za mwanzo. Na kitabu chenyewe nilishakishona. Kushona kote kule!

Nikamwandikia. Eti "gundi yako ina maji mengi". Kisha akanifungia.

Huyu si wa kuachiwa. Arudishe hela ya kila mtu, na wasimamizi wa vikundi vya kujalidi vitabu wamfukuze leo, siyo kesho. Meseji ninazo, risiti ninayo, na video ninayo, ingawa sasa siamini kama ile mikono ni yake. Aliyelizwa naye anitafute tukashtaki pamoja. Mwizi wa kuku anapigwa, huyu anaitwa msanii!

Kwa mnaonunua kwa mtu yeyote: papasa. Gundi iliyokauka huacha matuta madogo pale kitana kilipopita. Zake ni laini kama kalenda. Nilipolaza mbili sambamba, wimbi lilelile, hadi alama ya kidole ileile kwenye pembe ileile. Mkono wa mtu haurudii hivyo. Ukiwa na kioo cha kukuza utaona vitone vya printa. Na lowesha kipande cha pembeni kabla hujakata.

Ameshafungua akaunti nyingine, picha ni zilezile. Mripotini, na mkiona ametaja Herrnhut ndiye huyo huyo.