Kampuni ya ukarabati iliyotuharibia sakafu hapa Malindi

Skatingi, zile mbao zinazozunguka chini ya ukuta, nawapa maksi zote. Naanza na hilo kwa sababu ni haki ya yule seremala, na nikishaingia kwenye habari ya sakafu sitakuwa na neno zuri tena.

Nyumba ni ya wazazi wangu, iko upande wa mji wa kale. Ilijengwa miaka ya 1950 kwa mawe ya matumbawe, na ndani ni sakafu ya simiti iliyopigwa niru nyekundu, yaani tabaka la juu la simiti yenye rangi lililolainishwa. Waliokulia nyumba za umri ule wanaijua: nyekundu iliyokolea, imegawanywa miraba kwa mistari, baridi chini ya mguu hata kaskazi ikiwaka. Mamangu ameisugua kwa polishi na kipande cha blanketi tangu alipoletwa pale bi harusi. Sasa baada ya masika bomba la chuma lililopita chini ya ukumbi likatoboka kwa kutu, fundi bomba akalifukua, tukabaki na mtaro katikati ya ukumbi. Skatingi za mbao nazo, upande mzima, mchwa walikuwa wameshazila zamani, imebaki rangi tu. Tukaita kampuni inayojitangaza kwamba nyumba za zamani ndiyo kazi yake. Tukatoa rubuni.

Huyo seremala, Mungu ampe umri. Alichukua kipande kimoja kizima cha skatingi kuukuu, akachora umbo lake kwenye kadibodi, akaenda kuchonga nyingine za mvule zenye mkunjo ule ule wa juu. Jiwe la matumbawe halishiki msumari, linamomonyoka, basi alitoboa ukuta akapachika vigingi vya mbao ndipo akakaza skrubu. Kabla ya kuzifunga alizipaka dawa ya mchwa upande wa nyuma, upande ambao hakuna mtu angeuona. Pembeni zinapokutana hata karatasi haipiti. Hakuniambia lolote kuhusu ufundi wake, mimi ndiye niliyekuwa nimekaa pale namtazama.

Lakini kabla yake alikuja mwashi, na mwashi ndiye aliyetuachia msiba.

Kuziba kiraka kwenye sakafu ya niru si siri ya wazee. Kingo za shimo zinakatwa zikawa wima na safi, vumbi linafagiliwa lote, simiti kuukuu inaloweshwa mpaka ishibe maji, kisha inapakwa uji wa simiti ili mpya ishikane na ya zamani. Ile oksaidi nyekundu, unga wa kutia rangi, inachanganywa na simiti ikiwa kavu, kwa kipimo, isizidi asilimia 10 ya uzito wa simiti, la sivyo simiti inadhoofika. Unafanya kipande kidogo cha majaribio, unakiacha kikauke, kwa maana rangi ikiwa mbichi inadanganya. Ukimaliza unafunika kwa magunia yenye maji, siku 7 angalau. Haya nimeyasikia tangu utotoni, marehemu baba alikuwa akisimama juu ya vichwa vya mafundi.

Mwashi wao hakufanya hata moja. Alijaza shimo vumbi likiwa mle mle, kingo zikiwa zimechongoka vile vile, akasawazisha, kisha akachota oksaidi kwa mkono akainyunyiza juu tupu na kupitisha mwiko. Nikamuuliza magunia yako wapi, akasema upepo utakausha. Mchanga nilipouliza akajibu ni wa mto, wa Sabaki. Mchanga wa mto gani una vipande vya makombe? Niliviokota kwenye rundo lililobaki mlangoni, ninavyo mpaka leo ndani ya bilauri.

Haukupita muda kiraka kikapasuka kufuata kingo. Ukikigonga kwa kipini cha nyundo kinalia ko, ko, kitupu chini. Juu ukaanza kutoka unga mweupe. Nikapangusa kwa kidole nikaonja, chumvi. Na rangi yake ni kama ini lililolala, katikati ya ukumbi ambao wageni wote hukaa.

Hayo bado ningeyastahimili. Ila ile oksaidi iliyonyunyizwa juu haikushika, inatoka. Mamangu akipita pale kutoka kutia udhu na miguu yenye maji, nyayo zinakuwa nyekundu. Msala wake mweupe, aliouleta mwenyewe kutoka hija, sasa una alama za nyayo nyekundu ambazo hazitoki kwa sabuni yoyote. Mimi nikiuona ule msala naghadhibika upya.

Baada ya kupiga simu na kupiga simu wakamtuma msimamizi. Kijana. Hakupiga hodi ya maana, hakumwamkua mamangu, akaingia na viatu mpaka juu ya mkeka. Mamangu, kwa upole wake, akamwambia, “Mwanangu, tazama, rangi hii siyo ya sakafu yetu.” Naye akacheka, akasema, “Bimkubwa, labda macho. Rangi ni ile ile. Na hizi sakafu zimepitwa, wekeni vigae tuachane na maneno.”

Labda macho! Mwanamke aliyeisugua sakafu ile kwa mikono yake miaka yote, anayejua kila ufa uko mraba gani, aambiwe na mtoto mdogo, ndani ya nyumba yake, kwamba haoni. Mamangu alinyamaza. Akaingia jikoni kumtilia chai, kwa sababu ni mgeni. Na chai akanywa.

Nilikusudia kuwapa nyota tatu, kwa kupima mema na mabaya: skatingi safi, walikuja siku waliyosema, bei yao haikuwa ya kuumiza. Huenda pia mwashi yule siku nyingine anafanya kazi nzuri, sijui alikuwa na haraka gani. Kama ingekuwa kiraka tu ningesema makosa ya fundi hutokea. Lakini tangu nianze kuandika habari ya yule kijana naona tatu ni nyingi, na mbili pia. Natia moja, nayo ni ya seremala peke yake. Ukiwa na skatingi za kubadilisha muulizie yeye, umlipe mkononi mwake. Sakafu ya niru usiwape hata ya choo.

Malipo ya mwisho sijatoa wala sitatoa mpaka kiraka kile kibomolewe chote, kijazwe kwa mchanga wa mto nitakaoununua mimi, nikiwa nimesimama hapo. Na msimamizi wao akija tena, avue viatu mlangoni, amwamkue mamangu kwanza, ndipo tuzungumze.