Iafoni za kusomea na TalkBack: mwanafunzi anunue zipi Nairobi

Kwa muda sasa inboksi yangu imejaa malalamiko yanayofanana mpaka nikashuku ni mtu mmoja anatumia majina tofauti. Wote ni wanafunzi, wote hawaoni au wanaona kidogo, wote wamenunua zile iafoni ndogo za Bluetooth zisizo na waya, na wote wanasema TalkBack, ile sauti ya simu za Android inayotusomea kilicho kwa skrini, imeanza kula maneno. Kuna mmoja yuko mwaka wa kwanza, alikuwa anafanya CAT ya onlaini, ule mtihani mdogo wa katikati ya muhula, majibu ni vile visanduku vya kuweka tiki, akasikia "checked" akajua tiki imeingia, akaenda swali linalofuata. Kumbe simu ilisema "not checked" na ile "not" haikufika masikioni. Matokeo yalipotoka ndio akajua.

Sasa leo sitaongea habari ya besi, wala rangi, wala betri inakaa masaa mangapi. Hizo zimeandikwa nyuma ya boksi na muuzaji atakuimbia zote bila kuulizwa. Nataka tuongelee kitu kimoja tu, huku kumezwa kwa neno la kwanza, manake sijaona mtu akikitaja kwenye hizi video za kusifu iafoni, na kwa sisi tunaosoma kwa masikio hicho ndicho kinaamua kama pesa yako imeenda vizuri ama imeenda tu.

Iko hivi. Bluetooth inapenda kuokoa betri. Kukiwa kimya kwa sekunde chache simu inafunga ule mkondo wa sauti kati yake na iafoni. Ukigusa kitu kwa skrini, TalkBack inaanza kuongea saa hiyo hiyo, haingoji, lakini mkondo ndio kwanza unafunguka, kwa hivyo kipande cha mwanzo kinaenda na maji. Mtu anayesikiliza mziki hatawahi kujua hii shida iko, juu wimbo ukianza umeanza, haunyamazi mpaka mwisho. TalkBack ni ongea kidogo, nyamaza, ongea kidogo, nyamaza, siku nzima, na kila ikinyamaza kuna neno lingine linangojea kuliwa.

Na ubaya zaidi ni mpangilio wake. Vile TalkBack inakuja, inataja hali ya kitu kwanza, halafu jina, halafu aina yake. Yaani "not checked" inatangulia, swali lenyewe linafuata. Kwa hivyo kinachomezwa ni kile kile ulichokuwa unataka kusikia. Ukiandika pia ni balaa, juu herufi ni fupi, "b" ikimezwa imemezwa yote, unabaki umeweka kidole kwa kibodi hujui uko wapi. Jaribu kuingiza paswadi ya HELB, ile bodi ya mikopo ya wanafunzi, hivyo.

Kuna ndugu yake, kuchelewa kwa sauti. Iafoni nyingi za Bluetooth zinachelewesha sauti kwa kitu kama sehemu moja ya tano ya sekunde, zingine zaidi. Inaonekana ni kitu kidogo mpaka uanze kuandika kwa kutelezesha kidole, kidole kiko kwa "m" masikio bado yanasikia "n". Mwenye kuona haisikii hii kwa YouTube kwa sababu YouTube inachelewesha picha makusudi ilingane na sauti. Kidole chako hakuna mtu wa kukichelewesha.

Basi tuanze na ile ningenunua mimi, na sitajifanya sina upande: JBL za waya. JBL Tune 110 kama simu yako bado iko na tundu la iafoni, na JBL Tune 310C kama simu iko na USB-C pekee. Mimi ni mtu wa JBL, wanaonijua wanajua, hata huwa nasema hii kampuni ilianzishwa 1946, mwaka ule ule shule ya wasioona ya Thika ilianza, kwa hivyo ni rika moja na watu wetu. Najua siku hizi iko chini ya Harman na Harman ilinunuliwa na Samsung 2017, haijalishi, mapenzi hayana mwenyewe.

Kwa nini hizi? Waya haina mkondo wa kufunga na kufungua kila saa. Neno linafika likiwa zima, na linafika kidole kikiwa bado mahali pake. Waya ya Tune 110 ni bapa, ukiikunja ukaisukuma kwa begi unaitoa bila vile vifundo vya kufungua kwa meno. Halafu kile kitufe kiko upande mmoja wa waya, ukipitisha kidole gumba unajua upande ni upi bila kutafuta zile herufi ndogo za L na R ambazo wengine wetu hatuzioni hata tukilipwa. Na hii watu huidharau: ikichomoka sikioni ndani ya matatu inaning'inia shingoni. Ile ndogo ya Bluetooth ikichomoka imeenda chini ya kiti, matatu inaruka matuta ya Jogoo Road, na wewe unapapasa miguu ya watu ukiomba msamaha.

Tune 310C ina chipu yake ya kubadilisha sauti, wanaiita DAC, iko ndani, kwa hivyo inachomekwa USB-C na inaongea. Hapa nisimame kidogo. Si kila kitu chenye kichwa cha USB-C kinaongea. Zile adapta ndogo za bei rahisi za kutoka USB-C kwenda tundu la kawaida, nyingi hazina hiyo chipu, zinategemea simu itoe sauti ikiwa tayari, na simu nyingi hazitoi. Unachomeka, kimya, unadhani TalkBack imezimika, unaanza kuomba mtu akusaidie kuiwasha kumbe inaongea na spika ya simu imezibwa na kiganja chako. Ukinunua adapta uliza kama ina DAC, na muuzaji akikuangalia kama umemuuliza swali la fizikia, enda duka linalofuata.

Na wewe ambaye bado hujanunua simu, uliza tundu kwanza. Samsung Galaxy A15 inalo, A16 iliyokuja baada yake hainalo tena. Tecno na Infinix za bei ya chini nyingi bado zinalo lakini usiamini jina, pitisha kidole ukingoni mwa simu mwenyewe, juu na chini.

Namba mbili naweka Shokz OpenMove. Hizi haziingii sikioni, zinakaa mbele ya sikio kwa mfupa wa shavu na sauti inapita kwa mfupa, masikio yanabaki wazi. Darasani ni raha, unamsikia lekchara na TalkBack pamoja. Barabarani ndio zaidi. Siku hizi kuna boda za umeme Nairobi zisizo na kelele, hata masikio yakiwa wazi unazisikia zikiwa zimefika, sasa fikiria umeyaziba na ile teknolojia ya kuzima kelele halafu unavuka barabara ya Tom Mboya na fimbo yako. Lakini bado ni Bluetooth, neno la kwanza bado liko hatarini, na ndani ya matatu yenye mziki hutasikia kitu. Halafu bei. Marekani zilitoka kwa dola 79.95, hiyo ni zaidi ya shilingi elfu kumi kabla hazijapanda ndege, na zikifika hapa kila mtu aliyezigusa njiani ameongeza chake. Kama una mtu wa kukuletea, sawa. Kwa mwanafunzi anayengojea HELB, tusidanganyane.

Namba tatu ndio hizi ndogo za Bluetooth, na najua ndizo mlikuwa mnataka niseme. Oraimo, Soundcore, Samsung, zote ziko mjini na watu wanazifurahia. Kama lazima, tafuta yenye modi ya gemu, hiyo inapunguza kuchelewa na utaisikia tofauti ukiandika. Lakini msichanganye, modi ya gemu inafupisha safari ya sauti, neno la kwanza linaweza kumezwa vile vile. Kuna teknolojia mpya ya Bluetooth, LE Audio, ilitangazwa 2020, inatakiwa simu na iafoni zote mbili ziwe nayo, na simu nyingi za bei yetu hazina.

Za mia mbili za pale stendi ni za waya, zinaongea, zinakufa. Nunua ukiwa umekwama.

Kama tayari umeshanunua Bluetooth na risiti imeandikwa "bidhaa zikishauzwa hazirudishwi", kuna vitu vya kufanya. Ingia mipangilio ya TalkBack, sehemu inayohusu vile inavyoeleza vitu, ubadilishe mpangilio uwe jina, aina, halafu hali. Hapo kinachomezwa ni mwanzo wa jina la kitu, na ile "not checked" inakuja mwisho ikiwa salama. Ingekuwa ni mimi naendesha hizi simu ningeiweka hivyo tangu kiwandani. Kwa laptopu, kama unatumia NVDA, kile kisomaji cha skrini cha bure cha wale Waaustralia, tangu 2024 iko na mpangilio wa kuweka kifaa cha sauti macho kwa sekunde utakazochagua baada ya kumaliza kuongea, ongeza hizo sekunde uone tofauti. Na ukitumia sikio moja darasani washa sauti ya mono kwa simu, yaani pande zote mbili ziingie sikio moja, iko kwa mipangilio ya ufikivu, la sivyo video ya somo ikiwa imerekodiwa ule upande mwingine hutasikia somo na utamlaumu mwalimu bure.

Sasa wauzaji. Jameni wauzaji wa Luthuli, ile barabara ya maduka ya vifaa vya umeme mjini. Unaingia na rafiki, unauliza wewe, anajibiwa rafiki. "Anataka ya bei gani?" Anataka nani, mimi nimesimama hapa. Halafu ukisema unataka kujaribu anakuwekea wimbo kwa sauti ya juu kabisa, "sikia besi, mami, sikia besi", na nimeshaeleza hapo juu kwamba wimbo hauonyeshi hii shida hata kidogo. Ukimwambia unataka kuunganisha na simu yako mwenyewe boksi ghafla haliwezi kufunguliwa, likifunguliwa limenunuliwa. Na JBL feki zimejaa kuliko za kweli, boksi linafanana, uzito unafanana, na sisi hata hayo maandishi yaliyokosewa kwa boksi ambayo wenzetu huangalia hatuyaoni. Ukiwa na mtu unayemwamini mwache asome boksi herufi kwa herufi, na uchukue risiti yenye jina la duka na modeli, si ile karatasi ya "iafoni 1".

Kipimo chenyewe ni rahisi. Unganisha na simu yako, washa TalkBack, fungua mipangilio, kaa kimya uhesabu pole pole mpaka kumi, halafu teleza kidole kwenda kitu kinachofuata. Umesikia neno lote? Rudia. Halafu fungua kibodi uguse herufi moja, nyamaza, uguse nyingine. Ikimeza pale dukani itameza kwa mtihani. Akikukataza kujaribu, usinunue, duka linalofuata liko hatua tatu.

Na bei nazo siwezi kunyamaza. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 54, inasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kupata vifaa vya kumsaidia kushinda vizuizi vya ulemavu wake. Vizuri sana. Lakini nikienda dukani iafoni yangu inahesabiwa ni ya starehe, nalipa VAT ya asilimia 16 sawa na yule anayetaka kusikiliza gengetone akienda Rongai. Yeye iafoni ikiharibika anakosa wimbo. Mimi nakosa notsi, meseji za M-Pesa nazisoma kwa spika stendi nzima isikie salio langu, na CAT siwezi fanya. Kifungu cha 46 nacho kinasema mteja ana haki ya bidhaa za ubora unaofaa, siku moja nitaenda nacho Luthuli nimechapisha, kwa maandishi makubwa.

Kuna wanaouliza kuhusu iPhone. VoiceOver nayo ni kisomaji cha skrini na hayo niliyosema ya Bluetooth yanaigusa pia. Kuanzia iPhone 15 ya 2023 ni USB-C, Tune 310C inachomekwa moja kwa moja. Zile za nyuma, kuanzia iPhone 7 mpaka 14, zinataka adapta ya Lightning, lile tundu lao la zamani, ununue ya Apple yenyewe, na ukishaichomeka kwa waya ya iafoni izungushie selotepu ikae hapo hapo, juu ni fupi kama kidole na ikidondoka bweni hakuna atakayeiona, hata wenye macho.