Kofia ya sponji ya makipa watoto: natoa nyota 2 kati ya 5

Nimemchukulia dogo wangu yuko form one anadaka timu ya mtaani huku Nkuhungu, nimeinunua duka moja la vifaa vya michezo mjini, muuzaji ananiambia "mzee hii ndo ile ya Petr Cech, yule kipa wa zamani wa Chelsea, mtoto haumii kichwa tena".

Kushonwa imeshonwa vizuri sikatai, na kwa viwanja vyetu hivi vya changarawe inasaidia, akiruka akaangukia upande hachubuki wala hapati nundu. Ila matundu ya hewa ni madogo, kwa jua la Dodoma saa tisa mchana jasho linatiririka mpaka machoni.

Tatizo ni hilo neno la muuzaji. Cech alivunjika fuvu 2006 kwenye mechi na Reading, akarudi uwanjani 2007 na kofia ya kulinda lile fuvu. Mtikisiko wa ubongo ni kitu kingine kabisa, ubongo unacheza ndani ya fuvu, sponji ya nje itauzuiaje? Hata kichwa kisipoguswa, mwili ukigongwa kwa nguvu shingo ikachezeshwa ghafla, unaweza kuupata.

Juzi kona imepigwa dogo kagongana na straika, kofia ipo kichwani, hajazimia wala nini, ila kainuka ananiuliza tunaongoza ngapi, namjibu, dakika haijaisha anauliza tena. Kocha anasema "mzazi tulia, ana kofia huyo, mmwagieni maji aendelee". Weee! Nikamtoa. Usiku akatapika, hospitali wakasema ni mtikisiko wa ubongo, na wengi wanaoupata wala hawazimii. Daktari akasema kinachomtisha zaidi ni kugongwa tena kabla hajapona, kwa vijana ubongo unaweza kuvimba ghafla, ni nadra ila unaua, na hata usipovimba wanaogongwa mara kwa mara wanachelewa kupona, kichwa kinauma wiki na wiki, darasani hashiki kitu. Siku mbili za mwanzo apumzike na simu apunguze, arudi shule kwanza, halafu mazoezi mepesi kidogo kidogo, mechi mwisho kabisa mpaka daktari aruhusu, na inaweza kufika wiki nne.

Kwa hiyo kama shida yako ni michubuko nunua tu, ila chukua saizi moja juu, za watoto zinabana masikio. Na muuzaji ukisoma hapa, acha kuwaambia wazazi mtoto haumii.