Kibanda cha Mlimani: Maji ya Mvua au ya Chemchemi?
Ukiishi peke yako kwenye milima ya Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda, tangi la mvua litakula pesa mapema: tangi lenyewe, mifereji, fundi. Chemchemi ni bure, ila jerikeni ya lita 20 ina kilo 20, na njia ya kurudi nyumbani hupanda. Siku ukiteguka mguu, nani atakuchotea? Hapo tangi linashinda. Bati la mita 30 za mraba likipata milimita 10 za mvua, hukinga karibu lita 300. Lakini Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda, msimu wa mvua ni mmoja tu. Tangi dogo litakauka. Kusafisha? Tangi lina kazi zaidi. Kuchemsha, maji yote mawili. Mwenye mgongo mzima na chemchemi ya karibu anaweza kungoja. Mzee wa miaka sitini ningemwambia auze mbuzi anunue tangi.