Ramani za bure za Maktaba ya Taifa ya Scotland, kwa anayechunguza visima vitakatifu

Nyota tano, na ningekuwa na ya sita ningeiongeza. Usidanganywe na jina: tovuti hii ya ramani ina pia England na Wales, zile ramani za Ordnance Survey, idara ya serikali ya upimaji ramani, za kuanzia miaka ya 1840 hadi katikati ya karne ya 20. Hulipi kitu. Mimi naishi Bristol, na kabla ya hapo nilikuwa nakatwa hela kila mwezi na tovuti nyingine ambayo picha zake zina ukungu, herufi ndogo hazisomeki kabisa.

Fungua ramani mbili kwa pamoja: kushoto ya zamani, kulia picha ya setilaiti. Ukisogeza moja, ya pili inafuata. Chagua ya inchi 25 kwa maili, yaani inchi 25 za karatasi kwa kila maili moja ya ardhi, maana hapo utaona mpaka wa kila shamba na kijito kinapopita. Mambo ya kale yameandikwa kwa herufi za Kigothi, kwa hiyo jicho likishazoea, kisima cha kale unakibaini kabla hujasoma jina lake.

Mahali nilipoganda ni mji wa Wells, Somerset. Chemchemi zimo kwenye bustani ya kasri la askofu, na kanisa kuu la sasa, lililoanza kujengwa karibu mwaka 1180, limekaa upande wake kana kwamba halina habari na maji yale. Lakini kati ya 1978 na 1980 timu ya Warwick Rodwell ilichimba Camery, kiwanja kilicho ubavuni mwa kanisa, ikakuta misingi ya kanisa la Wasaksoni, watu waliotawala England kabla ya Wanormani. Mhimili wake haukufuata wa kanisa la leo. Ulielekea kwenye chemchemi. Niliweka rula juu ya skrini, kutoka Camery hadi kisima cha Mtakatifu Andrea, moja ya chemchemi hizo, na mwili ukanisisimka. Kisha kuna hati ya Cynewulf, mfalme wa Wessex, ya mwaka 766, inayotaja kanisa lililo karibu na chemchemi kubwa. Ardhi na maandishi vinakubaliana, jambo ambalo katika utafiti huu ni nadra mno.

Kwetu pwani, Gedi kwa mfano, kisima kando ya msikiti kilikuwa cha watu kutawadhia. Wells ni kinyume: maji yalitangulia, kanisa likayafuata.

Ila ramani usiiachie kazi yote. Wapima ardhi wa karne ya 19 waliandika majina waliyopewa na wenyeji, na jina la mtakatifu linaweza kuwa la juzi tu. Chukua Holywell, kaskazini mwa Wales. Ramani inakuonyesha kisima cha Mtakatifu Winefride, kanisa la parokia juu yake mlimani, na magofu ya abasia (nyumba ya watawa) ya Basingwerk chini bondeni. Hadithi inasema ni mambo ya karne ya 7. Maandishi yanaanza mwaka 1093, mkewe mwinyi wa Chester alipowapa watawa wa huko mahali paitwapo Haliwel, miongo kadhaa kabla Basingwerk haijaanzishwa. Lile jengo zuri juu ya kisima ni la mwanzoni mwa karne ya 16, halikupi ushahidi wa zamani zaidi ya hapo. Hata maji yenyewe si yale ya kale: mwaka 1917 handaki la kutoa maji migodini liliikata chemchemi, ikabidi yaletwe ya chanzo kingine.

Tumia kompyuta, ramani hizi zinataka skrini pana. Na ukiwa Wales, ukishapata mahali penyewe, litafute jina hilo kwenye Coflein, hazina ya mtandaoni ya kumbukumbu za majengo na magofu ya Wales. Nayo ni bure.